Kadi Yenye Pande Mbili: Kuutafuta Mwanzo wa "Wimbo wa Fransisko" Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza asili ya wimbo mmoja wa dini ambao waumini wengi wa Masisi na Walikale, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini, huuita "wimbo wa Mtakatifu Fransisko". Ni ule wimbo ambamo mwimbaji anamwomba Mungu amtumie kama chombo cha kuleta amani. Kisha anataja maovu ya dunia moja baada ya jingine, na mbele ya kila ovu anaomba apewe nguvu ya kupeleka kinyume chake. Msomaji wa jarida hili ataufahamu mara moja, kwa kuwa huimbwa katika misa, katika mazishi, na hata katika mikutano ya upatanisho ambayo haikuitishwa na kanisa lolote.

Mwandishi wa makala haya alipoanza kukusanya nyimbo za amani za wilaya hizo mbili, alichora katika daftari lake safu tatu: wimbo, mahali uliposikika, na mtunzi. Katika safu ya tatu, mbele ya wimbo huu, aliandika bila kusita: "Mt. Fransisko wa Assisi, karne ya 13". Mbele ya nyimbo zilizofuata, za Kihunde na za Kinyanga, aliandika neno moja tu: "jadi". Safu hiyo ilijaa kwa muda wa dakika chache, na wepesi huo ndio uliopaswa kututia shaka. Maandishi yote mawili yalikuwa na kasoro, wala si kasoro ya namna moja. Katika kurasa hizi tunajaribu kuzisahihisha zote mbili, kwani tunaamini kwamba ya kwanza haiwezi kueleweka vema bila ya pili.

2.0 Kurudi nyuma kwa nyayo za wimbo

Mtu anayetafuta asili ya wimbo huanzia mdomoni mwa mwimbaji, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi nyayo zinapokatika. Kwa upande wa mahadhi, safari ni fupi. Wimbo huu huimbwa kwa mahadhi zaidi ya moja, na hayo yaliyoenea kuliko yote duniani yalitungwa mwaka 1967 na Sebastian Temple, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi yake Marekani. Kwa hiyo mahadhi hayo hayana uzee wowote, na wazee wengi wa Masisi waliozaliwa kabla ya uhuru wa Kongo wana umri mkubwa kuyazidi.

Maneno ni ya zamani kidogo kuliko mahadhi, lakini si sana. Mwaka 1979 Mama Teresa wa Calcutta aliyasoma pamoja na waliohudhuria hotuba yake ya Tuzo ya Nobel huko Oslo, akayataja kuwa sala ya Mt. Fransisko. Mwaka 1936 mchungaji wa Marekani, Kirby Page, aliyachapa kwa Kiingereza katika kitabu chake, naye akayanasibisha na Fransisko. Tukirudi hadi mwaka 1927, tunakuta chama cha Waprotestanti wa Ufaransa, waliojiita Mashujaa wa Mfalme wa Amani, wakifanya vivyo hivyo. Nyuma ya mwaka huo jina la Fransisko halionekani tena juu ya maneno haya. Maneno yapo, lakini hayana mwenyewe.

Tarehe 20 Januari 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliyachapa kwa Kiitaliano. Yalikuwa yamefikishwa kwa Papa Benedikto wa 15 na kabaila mmoja wa Ufaransa aliyekuwa akipigania amani. Msomaji wa Kivu aitazame tarehe hiyo kwa makini. Katika miezi hiyo hiyo, majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakijikusanya kaskazini mwa ziwa Kivu kwa ajili ya mashambulizi yaliyoanza Aprili 1916 dhidi ya Wajerumani wa Rwanda, na mizigo ya vita ilibebwa vichwani na wapagazi. Sala iliyokuja kuimbwa hapa baadaye ilichapwa Roma wakati vita hivyo hivyo vilikwisha kuwafikia babu zetu.

Nyayo za mwisho zatufikisha Paris, Desemba 1912. Huko palikuwa na jarida dogo la kidini liitwalo La Clochette, lililokuwa likitolewa na padri Esther Bouquerel. Sala hiyo ilichapwa humo kwa Kifaransa, ikaelezwa kuwa sala nzuri ya kusali wakati wa misa. Jina la mtunzi halikuwekwa. Mtafiti Christian Renoux, ambaye mwaka 2001 alitoa kitabu kizima juu ya suala hili, hakupata mahali popote ilipoonekana kabla ya hapo. Baina ya kifo cha Fransisko, Oktoba 1226, na Desemba 1912 kuna takribani karne saba za kimya.

Jina la Fransisko liliingia vipi basi? Jibu linapendeza kwa urahisi wake. Yapata mwaka 1918, padri Mkapuchini aitwaye Étienne Benoît aliichapa sala hiyo nyuma ya kadi takatifu, yaani zile kadi ndogo ambazo waumini huzitia ndani ya vitabu vyao vya sala. Upande wa mbele wa kadi palikuwa na picha ya Fransisko. Padri huyo hakudai kwamba Fransisko ndiye aliyeitunga. Aliweka picha upande mmoja na maneno upande wa pili, basi. Waliobaki walifanya wenyewe kazi ya kuigeuza kadi, na kila walipoigeuza, jina lilihama kutoka upande wa picha hadi upande wa maneno. Hapakuwa na mwongo katika kisa hiki. Palikuwa na mikono mingi tu, kila mmoja ukipokea na kupitisha.

3.0 Ushahidi wa ndani ya matini

Ushahidi wa tarehe watosha, lakini mhakiki wa fasihi hana budi kuiuliza matini yenyewe pia. Je, sauti hii yaweza kuwa sauti ya Fransisko?

Kajetan Esser, Mfransisko aliyehariri maandishi ya Fransisko na kuyatoa mwaka 1976, hakuijumuisha sala hii. Si vigumu kuona sababu. Sala imejengwa juu ya nafsi ya kwanza umoja. Ni mimi nitumiwe, mimi nipeleke, mimi nifariji. Imepangwa kwa ulinganifu mkali wa vinyume: chuki na upendo, kosa na msamaha, shaka na imani, kiza na nuru. Sehemu ya pili inageuza kila tendo, ili mtendaji asitamani kutendewa bali atende. Huo ni mpango wa mtu anayejichunguza dhamiri yake kwa utaratibu, na wafaa sana kwa muumini wa Paris aliyekaa peke yake na kijitabu chake wakati misa ikiendelea kwa Kilatini.

Kwa Kiswahili, sala hiyo imepata sura ambayo mtunzi wake wa Kifaransa hakuifikiria. Tutaje mambo mawili tu. La kwanza ni neno "chombo". Kifaransa kinatumia neno lenye maana ya zana, kitu kilichomo mkononi mwa mtu kwa ajili ya kazi fulani. "Chombo" cha Kiswahili kina eneo pana zaidi. Ni sufuria na sahani, ni jahazi, katika Matendo ya Mitume ni Paulo aliyeteuliwa, katika barua ya pili kwa Wakorintho ni udongo uvunjikao, na katika lugha ya redio ni askari wa usalama. Katika Kiswahili cha Kivu, mama anayekimbia vita husema amebeba vyombo, akimaanisha vile vichache vya jikoni alivyowahi kuvitia katika kitenge. Mwimbaji wa Masisi anapoomba awe chombo, maana zote hizo zimo kinywani mwake, hata ile ya kitu kibebwacho kichwani njiani.

La pili ni ngeli ya mahali. Kifaransa kinataja mahali popote palipo na ovu, bila kukazia. Tafsiri za Kiswahili tuzijuazo huchagua ngeli ya PA-, na wanaisimu wanafahamu kwamba PA- huelekea kutaja mahali mahususi, tofauti na KU- ya mahali pasipo mpaka. Kwa hiyo Kiswahili kinamlazimisha mwimbaji kusimama mahali fulani. Na mahali hapo, katika wilaya hizi, pana majina. Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao, na mauaji yakaenea hadi Masisi kwa miezi mingi. Mgogoro wa ardhi na wa uraia uliolala chini yake ulikuwa wa siku nyingi, tangu wahamiaji kutoka Rwanda walipoletwa Masisi na utawala wa Kibelgiji kuanzia mwaka 1937. Vita vilivyofuata havijawahi kuziacha wilaya hizi kwa muda mrefu. Masisi-centre ilitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Walikale-centre Machi mwaka huo huo, kabla hawajaondoka humo mwezi wa Aprili. Anayeimba PA- hapa haimbi jambo la kinadharia.

4.0 Wimbo alioutunga Fransisko kweli

Fransisko alikuwa mwimbaji. Mtu huyo wa tafakuri na maono, ambaye wenzake walisimulia kwamba mwaka 1224 alipata mwilini alama za madonda ya Kristo katika mlima wa La Verna, alituachia wimbo mmoja ambao wataalamu hawautilii shaka, nao ni Wimbo wa Viumbe. Aliutunga yapata mwaka 1225, macho yake yakiwa yamekaribia kupofuka, na hakuutunga kwa Kilatini cha wasomi bali kwa lugha ya watu wa Umbria. Kwa sababu hiyo unahesabiwa miongoni mwa matini za kwanza kabisa za fasihi ya Kiitaliano.

Ndani yake jua ni kaka, mwezi na nyota ni dada, upepo na maji na moto ni ndugu, na ardhi ni dada na mama. Nafsi ya mshairi haijitokezi kuomba itumiwe. Anayesifiwa ni Mungu, na wanaotajwa ni ndugu zake wote walioumbwa.

Katika wimbo huo mna ubeti juu ya wale wanaosamehe na kuvumilia katika amani. Wenzake walisimulia jinsi ulivyozaliwa. Askofu wa Assisi na mkuu wa mji walikuwa wamegombana, mmoja akimtenga mwenzake na kanisa, na huyo naye akiwakataza watu kufanya biashara na askofu. Fransisko, mgonjwa kitandani, aliongeza ubeti, akawatuma ndugu zake wakauimbe mbele ya wagomvi wote wawili, wakiwa wamesimama pamoja. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, wakapatana.

Hapa tuna jambo ambalo sala ya mwaka 1912 haina. Tuna wimbo uliotungwa kwa ugomvi maalumu, ukaimbwa mbele ya wagomvi wanaojulikana, kwa lugha yao wenyewe. Wahakiki wa fasihi simulizi watatambua mara moja mambo matatu tunayoyatafuta katika kila utendaji: fanani, hadhira na tukio.

Kuna kinaya cha kusikitisha pia. Katika hati ya zamani ya wimbo huo iliyohifadhiwa Assisi, hati namba 338, mwandishi aliacha nafasi ya kuandika alama za muziki, lakini nafasi hiyo haikujazwa kamwe. Wimbo ulio wa Fransisko umepoteza mahadhi yake. Sala isiyo yake imepata mahadhi mengi.

5.0 Jua, mwezi na mvua za Walikale

Mtafiti aliyefika Assisi hivi hawezi kurudi Walikale bila kushtuka. Mwaka 1956, Daniel Biebuyck alirekodi kutoka kwa mtambaji wa Kinyanga, Candi Rureke, utendi wa Mwindo. Utambaji huo, uliochanganya hadithi, nyimbo na ngoma, ulichukua siku 12. Matini ya Kinyanga na tafsiri yake ya Kiingereza zilitolewa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye ni Mnyanga mwenyewe.

Wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya utendi huo, yaani mtoto wa ajabu anayempiga vita baba yake. Wachache hukumbuka mwisho. Mwindo, akiwa amekwisha kuwa mtawala, anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, radi. Nkuba anamchukua hadi mbinguni ili aadhibiwe. Huko mvua inampiga, mwezi unamkaripia, jua linamchoma, nyota inamwonya. Anakaa mwaka mzima akiteseka, bila enzi na bila kujisifu. Anaporudishwa duniani amekatazwa kuua tena mnyama yeyote, hata mdudu. Naye anawapa watu wake sheria: walime vyakula vya kila namna, wakae katika vijiji vizuri, wasigombane, wasimcheke mlemavu, watu na mtawala wao waheshimiane.

Hatusemi kwamba Rureke alimsikia Fransisko, wala kwamba kuna uhusiano wowote wa kihistoria baina ya vijiji vya Kinyanga na Umbria. Kusema hivyo kungekuwa kugeuza kadi nyingine. Isitoshe, mantiki ya tungo hizi ni tofauti: katika ule wa Assisi mwanadamu anawaita jua na mwezi ndugu, katika huu wa Walikale jua na mwezi ndio wanaomfundisha mwanadamu kwamba ana ndugu. Tunachosema ni kwamba mtu atafutaye Masisi na Walikale wimbo ulio karibu na roho ya Fransisko hatauona katika sala inayobeba jina lake. Ataukaribia zaidi katika utendi uliokuwako msituni tayari, na ambao katika daftari letu ungeliandikiwa neno moja: "jadi".

6.0 Nani hupewa jina?

Hapo ndipo kasoro ya pili ya daftari inapojitokeza. Matini isiyo na mtunzi anayejulikana ilipotoka Ulaya, tuliiandikia jina kubwa. Nyimbo za Kihunde na Kinyanga, ambazo watunzi wake huenda walikuwa hai siku hiyo hiyo, nyumba tatu kutoka mahali tulipokuwa tumeketi, tuliwanyima wenyewe majina.

Ruth Finnegan alikwisha kutuonya mwaka 1970, katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika, tusifikiri kwamba tungo za Kiafrika hutungwa na kabila zima kwa pamoja. Tumeusoma, tumeufundisha, tumeuulizia maswali ya mtihani. Hata hivyo, tunapofika kijijini na kinasa sauti, tunauliza maana ya wimbo, tunauliza huimbwa lini, tunaondoka. Biebuyck alimtaja Rureke, na ndiyo maana leo Rureke yumo katika historia ya fasihi. Ni wangapi waliorekodiwa baada yake ambao kanda zao zimeandikwa tu "mwanamke mzee, Walikale"?

Kuna hoja mbili za kupinga tunayoyasema, nazo zastahili kujibiwa.

Ya kwanza tuliisikia kwa mwalimu mmoja wa kwaya. Tulipomweleza habari ya Paris na ya kadi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, tukijua si wa Mtakatifu Fransisko, tuache kuuimba?" Swali lake ni zito kuliko lilivyoonekana. Jibu letu ni kwamba wasiache. Wimbo hauhesabiwi thamani kwa ukubwa wa jina lililoko juu yake. Tena, ukiondolewa jina hilo, unamdai mwimbaji zaidi. Palipo na mtakatifu wa karne ya 13 ni rahisi kusikia wimbo kama jambo la watu watakatifu. Mtu wa kawaida wa mwaka 1912, asiye na jina, anapoomba kutumiwa penye chuki, hatuna tena mahali pa kujificha.

Ya pili ni ya wenzetu wa idara. Wanasema kwamba katika wilaya zinazowaka moto, kuuliza nani alitunga nini ni anasa ya wasomi, na pengine ni hatari, kwani jina la mtu hapa hutaja na kabila lake. Hoja hiyo tunaikubali kwa nusu. Kweli, kuna majina yasiyofaa kuchapwa sasa, na mtafiti lazima amwombe mwenye jina ruhusa. Lakini kutochapa ni jambo moja, kutouliza ni jingine. Tangu 1993 waimbaji wamekimbia mara nyingi. Wengine wamezikwa mbali na vijiji vyao. Wimbo unaweza kubebwa kambini na mtoto aliyeukariri. Jina la aliyeutunga halibebwi na mtu kama hakuna aliyeliuliza. Neno "jadi" tuliloliandika haraka halitafutika tena pale shahidi wa mwisho atakapokuwa amekwenda.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba "wimbo wa Fransisko" uimbwao Masisi na Walikale si wa Fransisko. Kwamba maneno yake hayaonekani kabla ya Desemba 1912. Kwamba jina liliingia kwa njia ya kadi yenye pande mbili. Na kwamba Kiswahili, kwa neno "chombo" na kwa ngeli ya PA-, kimeufanya wimbo huo kuwa wa watu hawa kwa namna ambayo asili yake haiwezi kuupokonya. Hali kadhalika, tumedai kwamba kosa la kumpa Fransisko asichokuwa nacho na kosa la kuwanyima watunzi wetu walicho nacho yametoka katika tabia moja ya mtafiti: kutegemea jina analolijua tayari.

Daftari limesahihishwa. Mbele ya wimbo wa kwanza sasa pameandikwa: "Mtunzi hajulikani, Paris, 1912". Mbele ya nyimbo za Kihunde na za Kinyanga neno "jadi" limefutwa, na mahali pake hapajaandikwa kitu. Nafasi hizo hazina maana kwamba nyimbo hizo hazina wenyewe. Zina maana kwamba hatukuuliza, na kwamba wanafunzi watakaotumwa huko njia zitakapofunguka waende na swali hilo likiwa la kwanza.